Mteja akikataa kutoa lokesheni, apu yenu inafanya nini? Wadau wa Mwanza na kandokando ya ziwa, tusaidiane

#1 Kijana_wa_Mwaloni
Wakuu, habari za kazi.

Nimekabidhiwa apu ya kusambaza samaki. Aliyeiandika kahamia Dar, mimi nimeachiwa msimbo (code) na rundo la malalamiko. Mteja anaagiza dagaa, kayabo au sato, boda anachukua mzigo Mwaloni pale Kirumba, anaupeleka hotelini, kwa mama ntilie au nyumbani kwa mtu. Ni ya Android, imeandikwa kwa Kotlin, lugha ya kuandikia apu. Ya iPhone ipo, ila wanaoitumia ni wachache.

Tatizo ni hili. Apu ikifunguliwa tu, kabla mtu hajaona hata picha ya samaki, inaomba ruhusa ya lokesheni. Akikubali, mambo yanaenda. Akikataa, kuna kiduara kinazunguka katikati ya skrini basi. Hakuna ujumbe wala kitufe cha kurudi nyuma. Halafu kuna wanaosema hawakuulizwa kitu chochote: wamefungua, kiduara kikaanza kuzunguka. Boda mmoja wa Igoma kanionyesha simu yake, bado mpya, na kweli kisanduku cha ruhusa hakitokei. Simu ya mwenzake ya zamani kinatokea bila shida, na toleo la apu ni lilelile.

Kwa hiyo naomba kujua kwanza kwa nini kisanduku kinagoma kwenye baadhi ya simu. La pili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi: mtu akishasema hapana, tumfanyeje? Bosi anataka tumfungie nje mpaka akubali. Sikubaliani naye, ila nahitaji hoja za kumpelekea.

#2 FundiKotlin
Hilo la kwanza ni jepesi mkuu. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, mtu akikataa ruhusa moja zaidi ya mara moja, mfumo unachukulia kwamba hataki kuulizwa tena. Ukiomba tena kisanduku hakitokei, unarudishiwa jibu la kukataliwa papo hapo. Huyo boda wa Igoma alishakataa mara mbili akasahau. Mpeleke kwenye mipangilio ya simu awashe kwa mkono wake. Kesi imefungwa.

#3 Chuo_Nyegezi
Kaka Fundi, mimi nilijua akikataa mara moja tu imetoka hiyo. Na kile kiboksi cha kuweka tiki ili usiulizwe tena kimeenda wapi?

#4 FundiKotlin
Mara moja ni kwenye iPhone, mdogo wangu. Kule ukishakataliwa, kisanduku hakirudi, kilichobaki ni mipangilio. Kiboksi cha tiki kilikuja na Android 6 ya 2015, ruhusa zilipoanza kuombwa mtu akiwa ndani ya apu badala ya kuzikubali zote kwa mkupuo wakati wa kupakua. Kufikia 11 kilikuwa kimeondolewa, hesabu ya kukataa mara mbili ikachukua nafasi yake.

#5 Binti_Isamilo
Kesi haijafungwa. Mleta mada kasema simu ni mpya na mwenyewe anadai hakuwahi kuulizwa. Kwa nini tuanze kwa kumwona muongo?

Mkuu, fungua msimbo uangalie mambo mawili: apu inalenga toleo gani la Android (yaani imeandikwa kufuata sheria za toleo lipi), na ombi lenyewe limeandikwaje. Android 12 ya mwaka 2021 ilimpa mtumiaji uchaguzi kati ya mahali kamili na mahali pa kukadiria. Kwa hiyo apu inayolenga 12 kwenda juu inatakiwa kuomba ACCESS_FINE_LOCATION (mahali kamili) na ACCESS_COARSE_LOCATION (pa kukadiria) kwa pamoja, kwenye ombi moja. Ukiomba FINE peke yake, baadhi ya matoleo ya Android 12 yanalipuuza ombi zima. Hakitokei kisanduku, kwenye logi tu, kumbukumbu za ndani za mfumo, ndiko utakuta mstari unaolalamika. Simu ya zamani haina sheria hiyo, kwa hiyo inauliza kama kawaida. Hicho ndicho alichokieleza.

#6 Jicho_la_Tai
Nyongeza kwa dada hapo juu, na pengine ndiyo yenyewe. Apu za kusambaza mizigo hupenda kuomba pia lokesheni ya nyuma, ile ya kumfuata boda hata simu ikiwa mfukoni. Ruhusa hiyo, ACCESS_BACKGROUND_LOCATION, ilitengwa kuanzia Android 10. Kama apu inalenga 11 au zaidi na ukaomba ya mbele (ya apu ikiwa inatumika) na ya nyuma kwa wakati mmoja, mfumo unalitupa ombi na hupewi hata moja. Inatakiwa uombe ya mbele kwanza, upewe, halafu baadaye kabisa, tena kwa sababu inayoeleweka, uombe ya nyuma. Na hiyo ya nyuma kwenye 11 kwenda juu haitolewi kwenye kisanduku, mtu anapelekwa kwenye ukurasa wa mipangilio akachague mwenyewe.

#7 Kijana_wa_Mwaloni
Wakuu, nimefungua msimbo muda huu. Faili la manifesti, ambamo apu inaorodhesha ruhusa zake, lina zote tatu. Ila mahali ruhusa inapoombwa kuna FINE na BACKGROUND zimewekwa pamoja kwenye orodha moja, COARSE haipo. Apu inalenga 13. Simu ya Igoma ni Android 12, ya mwenzake ni 9.

Maana yake #5 na #6 wote mnaingia?

#8 Jicho_la_Tai
Tunaingia wote. Utamjua mwenye haki ukirekebisha moja, ukajaribu, ndipo uguse la pili. Usirekebishe yote kwa pamoja.

#9 FundiKotlin
Na mimi bado sijatoka. Mwambie afute apu kabisa, apakue upya. Kufuta kunafuta na kumbukumbu ya kukataa. Kisanduku kikitokea, ujue alikuwa amekataa mara mbili.

#10 MamaDagaa
Wanangu hamjambo. Mimi si mtu wa kompyuta, nauza dagaa hapo hapo Mwaloni na apu kama hiyo ninayo kwenye simu. Nimesoma mnavyobishana kuhusu kisanduku, nikaona hakuna aliyemuuliza mtu kwa nini anakataa.

Mimi nilikataa kwa makusudi. Nimefungua nitazame bei, kitu kinataka kujua nilipo. Cha nini? Mimi ndiye muuzaji, kizimba changu hakihami. Wangeniambia tunataka boda aone ulipo ili asipotee, ningeruhusu bila maneno. Hawakusema, nikabonyeza hapana, na mpaka leo sioni bei.

Halafu wapo wavuvi wanaotuletea mzigo. Hao hata uwaeleze mpaka jioni hawakubali. Mvuvi akishapata sehemu dagaa wamejaa, hamwambii hata shemeji yake. Na nyavu zinaibwa ziwani kila siku. Leo aje kijana na simu amwambie niachie nione ulipo saa zote? Hapana jamani.

#11 Boda_wa_Buhongwa
Shikamoo mama. Umesema kweli.

Sisi boda tuna sababu zetu nyingine. Lokesheni inakula bando, inakula betri. Mtu unatoka asubuhi na chaji kamili, ukiwasha hiyo kitu saa nane mchana simu imezima na abiria wako wa kudumu wanakutafuta hawakupati. Ndiyo maana tunawasha mzigo ukija, tukishusha tunazima.

#12 FundiKotlin
Betri nakubaliana na wewe. Bando siyo. GPS yenyewe inapokea mawimbi ya satelaiti, haitumii MB hata moja, ndiyo maana hata katikati ya ziwa kusiko na mtandao simu inajua ulipo. Kinachokula bando ni ramani inayopakuliwa, na apu inapotuma mahali ulipo kwenye sava kila baada ya sekunde chache. Hapo wa kulaumiwa ni aliyeiandika apu.

#13 Boda_wa_Buhongwa
Sawa fundi, ila mimi nanunua bando moja, sijui nani kala.

#14 Chuo_Nyegezi
Hahaa, hapo fundi hana jibu.

#15 Mtu_wa_Bukoba
Nawasalimu kutoka ng'ambo. Sasa nyie watu wa Mwanza bila lokesheni mnafikishaje mzigo? Nilikuja huko, mwenyeji akanielekeza "panda mlima, ukifika kwenye jiwe kubwa kata kushoto". Mji mzima ni mawe!

#16 Binti_Isamilo
Wewe rudi kwenye senene wako. Kila jiwe hapa lina watu wake na boda anayajua yote.

#17 Mtu_wa_Bukoba
Msimu bado dada, ukifika nitakutumia. Lakini nauliza nikiwa sitanii: kama boda anayajua yote, kwa nini apu isimwache mteja aandike tu hilo jiwe?

#18 Binti_Isamilo
Hapo sasa umeongea jambo la maana, na ndilo jibu la swali la pili la mleta mada. Nitaandika kirefu mnivumilie.

Kwanza, kuomba ruhusa mlangoni kuachwe. Mtu aone samaki, aone bei, achague, na akifika kwenye hatua ya kusema mzigo uletwe wapi ndipo awekewe vitu viwili sehemu moja: kitufe cha kutumia mahali alipo, na nafasi ya kuandika. Akibonyeza kitufe, ombi limetoka kwake mwenyewe, kisanduku kikija hashangai. Asipobonyeza anaandika "Pasiansi, nyuma ya msikiti, geti la bluu", boda anafika.

Pili, jibu la kisanduku si ndiyo na hapana peke yake. Kuna anayekubali kila anapotumia apu. Kuna anayekubali mara hii tu, Android inayo tangu 11 na iPhone tangu iOS 13. Huyo kesho ataulizwa upya, kwa hiyo msihifadhi kwenye simu kwamba "alisharuhusu" mkaishi na hiyo kumbukumbu. Ulizeni mfumo kila mnapohitaji lokesheni. Kuna anayekubali kwa kukadiria. Kuna aliyekataa mara moja, na kuna aliyekataa moja kwa moja. Na kuna aliyebonyeza kitufe cha kurudi nyuma, hakujibu chochote.

Huyu wa kukadiria msimsahau. Android ikimkadiria inatoa eneo la kama kilomita za mraba 3. Kwa miji mingine hiyo ni kukosea mtaa. Huku kwetu ufukweni ni kumweka mteja majini. Nilijaribu nikiwa Capri Point, alama ikakaa ziwani. Apu ya mleta mada ikipokea hiyo na kumwambia boda afuate, itakuwaje? Kwa hiyo angalieni ruhusa mliyopewa ni ipi. Kama ni ya kukadiria, itumieni kupanga gharama ya usafiri na kuonyesha boda walio karibu, halafu mwombeni mteja asogeze alama kwa kidole au aandike. Kumbabaisha ili abadilishe kuwa kamili ni kumsumbua. iPhone nako kuna swichi ya namna hiyo tangu iOS 14.

#19 Chuo_Nyegezi
Dada, aliyebonyeza kurudi nyuma si amehesabiwa amekataa?

#20 Binti_Isamilo
Hapana, kwenye kisanduku chenyewe haihesabiwi kuwa kukataa. Ila ukimpeleka mtu kwenye ukurasa wa mipangilio kupitia ombi la ruhusa, akarudi nyuma bila kuchagua, hiyo inahesabiwa. Wengi wanachanganya hapa.

#21 FundiKotlin
Tukiwa hapo hapo, mleta mada atakutana na shouldShowRequestPermissionRationale, kazi (function) iliyomo ndani ya Android. Inajibu swali moja: je, kuna haja ya kumweleza mtu kabla ya kuomba tena? Akishakataa mara moja inajibu ndiyo. Sasa mtego: kabla hajaulizwa kabisa inajibu hapana, na akishakataa moja kwa moja inajibu hapana vilevile. Ukiitegemea peke yake utampeleka mtu mpya kwenye mipangilio wakati hajawahi kuulizwa, au utamwomba aliyefunga mlango mpaka kiduara kichoke. Hifadhi alama kwamba ulishawahi kuomba, halafu soma vyote viwili.

#22 Jicho_la_Tai
Alama nayo haitoshi mkuu. Mtu aliombwa, akabonyeza kurudi nyuma. Alama inasema umeomba, mfumo unajibu hapana, wewe unahitimisha kakataa moja kwa moja, kumbe hajajibu. Mimi naona bora uombe, uangalie jibu la hapo hapo, na uitazame kazi hiyo kabla na baada ya kuomba. Ikitoka ndiyo kwenda hapana, ndipo useme mlango umefungwa.

#23 FundiKotlin
Na aliyefunga mlango wiki iliyopita? Kabla ni hapana, baada ni hapana. Utamjuaje bila alama?

#24 Jicho_la_Tai
Huna haja ya kumjua. Wote wawili waonyeshe nafasi ya kuandika, na pembeni maneno madogo ya kwenda mipangilio kwa anayetaka. Huyo aliyebonyeza kurudi nyuma akibonyeza tena kitufe, kisanduku kitatokea chenyewe.

#25 FundiKotlin
Kwa mteja sawa. Kwa boda ambaye bila lokesheni hapati kazi, lazima umjue.

#26 Mzee_wa_Nyakato
Vijana, nimefuatilia. Mimi nina pikipiki kadhaa barabarani na bosi wa huyu kijana namwelewa vizuri sana. Hapa wote mnamtetea mteja. Mimi nitamsemea mwenye mali.

Boda anapokea oda anasema yuko Kirumba, kumbe yuko Nyegezi anakula. Samaki wanakaa juani kwenye boksi ambalo barafu imeyeyuka, mteja anapiga simu anatukana, hasara ni yangu. Nilipoanza kuona walipo, mchezo ule ukapungua. Kwa hiyo boda asiyetaka lokesheni asipewe kazi, kwa heshima tu aende kijiwe kingine. Sioni dhambi yoyote.

#27 Boda_wa_Buhongwa
Shikamoo mzee. Saa za kazi sina neno, nione. Lakini nikishusha mzigo wa mwisho saa mbili usiku nikaenda zangu nyumbani, unanitazamia nini? Hilo la kuniona saa zote ndilo linalofanya watu wazime simu.

#28 Mzee_wa_Nyakato
Marahaba. Usiku sikutazami, nalala.

#29 Boda_wa_Buhongwa
Wewe hutazami mzee wangu. Sava inaandika.

#30 Mwanasheria_Musoma
Naomba niingilie hapo, maana boda kagusa penyewe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Mahali mtu alipo, ukishapafunga na jina lake na namba yake ya simu, ni taarifa binafsi. Anayezikusanya anatakiwa awe na lengo mahususi, amweleze mwenye taarifa, akusanye kinachohitajika kwa lengo hilo na asikae nazo kupita haja yake. Mzee wa Nyakato ana lengo halali kabisa la saa za kazi. La usiku halina pa kuegemea, hata kama hakuna anayetazama.

Na mtu akibonyeza kukubali kwenye kisanduku cha simu, hilo limefungua mlango wa simu tu. Wajibu wa kumweleza unachofanya na hizo taarifa unabaki kwako.

#31 Jicho_la_Tai
Kiufundi jambo hilo lina njia, tena bila kuomba lokesheni ya nyuma. Boda akibonyeza "naanza kazi", apu inaanzisha huduma ya mbele ya aina ya lokesheni, ile yenye taarifa inayotokea juu kwenye skrini. Ikianzishwa wakati apu iko wazi mbele yake, inaendelea kupata lokesheni hata akiweka simu mfukoni, kwa ruhusa ileile ya kawaida. Akibonyeza "nimemaliza", huduma inakufa na lokesheni inakatika. Boda anaona mwenyewe kwa macho yake kwamba imezimika. Ukilenga Android 14 usisahau kuandika FOREGROUND_SERVICE_LOCATION kwenye manifesti.

Na mkiondoa ruhusa ya nyuma mtapumua Play Store pia, maana kwa hiyo wanataka ujaze fomu, uwape video fupi na umwonyeshe mtumiaji tangazo la wazi ndani ya apu kabla ya kuomba.

#32 Mzee_wa_Nyakato
Hiyo ya kuanza kazi na kumaliza kazi nimeipenda. Anayekijua hicho aje Nyakato tuongee.

#33 Visiwani_Nansio
Simu zetu hizi za bei ya kawaida zinaua huduma hiyo hata ukiianzisha vizuri. Skrini ikizimika dakika kadhaa, kitunza betri cha simu kinaifyeka. Mimi nimeshuhudia kwa boda wetu hapa Ukerewe: kwenye ramani anaonekana kasimama njia panda, huku mzigo umeshafika. Wote tukadhani kakataa lokesheni. Alikuwa ameruhusu.

Na lingine ambalo hamjaligusa: swichi ya lokesheni ya simu nzima. Mtu kairuhusu apu lakini swichi yenyewe imezimwa, kama wanavyofanya boda wa #11. Ruhusa ipo, mahali hapapatikani, kiduara kinazunguka. Ni kitu tofauti kabisa na ruhusa na kinaangaliwa kivyake. Upo ukaguzi unaoleta kidirisha cha kumwomba mtu awashe bila kutoka kwenye apu.

#34 Kijana_wa_Mwaloni
Asanteni sana wakuu. Nimetoka Igoma sasa hivi, nawapa mrejesho.

Tumefuta apu ya yule boda, tumeipakua upya: kisanduku hakikutokea. Kwa hiyo hoja ya Fundi kwa simu hiyo imeanguka. Nikaondoa ruhusa ya nyuma kwenye ombi, nikaacha FINE peke yake: hakikutokea. Nikaongeza COARSE: kikatokea. Nikarudisha ya nyuma pamoja na hizo mbili: kikapotea tena.

Lakini nikapita Mabatini kwa mama ntilie mmoja, naye alilalamika hivyohivyo. Kwake nilifuta na kupakua toleo lile la zamani, na kisanduku kikatokea hapohapo. Simu yake sikuangalia ni Android ngapi.

#35 FundiKotlin
Nilisema.

#36 Binti_Isamilo
Ulisema kwa simu ya Igoma, kaka.

#37 Chuo_Nyegezi
Labda ya mama ntilie ni Android 10, hizo sheria mbili hazimgusi, kwa hiyo kweli alikataa mpaka mlango ukafungwa.

#38 Visiwani_Nansio
Au hakukataa. Kuanzia Android 11, apu ikikaa miezi kadhaa bila kufunguliwa mfumo unaifutia ruhusa zake. Kama alikuwa amekubali zamani akaiacha, akirudi anaanza upya bila kujua.

#39 FundiKotlin
Ikifutiwa hivyo ingeuliza upya, mkuu. Isingegoma kuuliza.

#40 Visiwani_Nansio
Kwa ombi lililoandikwa sawasawa. Lake halikuwa sawasawa.

#41 FundiKotlin
Basi hata baada ya kupakua upya lingegoma, maana ombi ni lilelile.

#42 MamaDagaa
Mnamsema mama wa watu, kwani mmemuuliza? Pengine mtoto wake ndiye aliyekuwa anachezea simu. Simu yangu ina vitu vingi ambavyo sikuviweka mimi, wajukuu wakija likizo kila mtu anabonyeza lake.

#43 Boda_wa_Buhongwa
Mama kagonga. Hata vijiweni simu moja inashikwa na watu wawili watatu. Mmoja anakataa, mwingine anateseka.

Na kitu kingine wakuu, hofu ya apu za mikopo. Watu wameumizwa. Unaruhusu hiki na kile, ukichelewesha rejesho wanapigiwa ndugu zako wote kwenye simu. Benki Kuu (BoT) yenyewe Novemba 2024 ilitoa orodha ya apu 69 za mikopo zisizo na leseni. Tangu hapo kuna jamaa kijiweni kwetu haruhusu kitu chochote, hata tochi ikiomba anakataa. Huyo huwezi kumtibu kwa COARSE wala FINE.

#44 Mwanasheria_Musoma
Na ana haki. Tochi haihitaji kujua alipo.

#45 Jicho_la_Tai
Ndiyo maana siamini sana zile skrini za maelezo marefu kabla ya kisanduku. Aliyeumizwa hasomi, anatafuta kitufe cha hapana. Mwonyeshe faida akiwa ameshaishika mkononi: kachagua kilo mbili za dagaa, anaona kabisa kitufe cha kuletewa alipo.

#46 Binti_Isamilo
Kwa mteja nakubali. Kwa boda sentensi mbili zinahitajika: tunaona ulipo ukiwa kazini tu, ukibonyeza nimemaliza hatuoni. Na iwe kweli. Kwenye iPhone maneno ya sababu ni lazima yawepo kwenye faili la Info.plist, yanatokea ndani ya kisanduku chenyewe. Ya mleta mada yanasemaje?

#47 Kijana_wa_Mwaloni
Nimeangalia. Yameandikwa "Apu hii inahitaji lokesheni". Basi.

#48 Binti_Isamilo
Hayo ni maneno ya kumnyima mtu sababu. Badilisha leo.

#49 Kijana_wa_Mwaloni
Nitabadilisha. Mpango ninaompelekea bosi kesho: mlangoni hatuombi chochote, bei zinaonekana na kila mtu, MamaDagaa akiwemo. Mteja ana kitufe na nafasi ya kuandika, akikataa anaagiza kama kawaida. Boda anaombwa akibonyeza kuanza kazi, na lokesheni inakatika akimaliza. Ombi la nyuma naling'oa kabisa. Swichi ya simu inakaguliwa peke yake na ina ujumbe wake. Kile kiduara hakitakaa tena skrini nzima bila njia ya kutoka.

Kinachobaki ni zile simu zinazoua huduma. Na bosi bado anasema mteja asiye na lokesheni atatuletea oda za uongo.

#50 Mzee_wa_Nyakato
Oda ya uongo inazuiliwa kwa kumpigia mteja kabla ya kutoka na mzigo. Mwambie nimesema mimi.

#51 Mtu_wa_Bukoba
Mimi naona bosi ana hoja kwa oda kubwa za hotelini. Huko malipo yatangulie.

#52 MamaDagaa
Mwanangu, mimi nataka kumtumia binti yangu dagaa Nansio kwa meli. Hiyo nafasi ya kuandika itakubali niandike alipo yeye, au itataka nilipo mimi?

#53 Kijana_wa_Mwaloni
Itakubali mama. Utaandika alipo yeye, na simu yako haitaulizwa kitu.

#54 FundiKotlin
Mkuu, ukipita tena Mabatini niangalizie ile simu ya mama ntilie ni Android ngapi, na muulize kama kuna mtu mwingine anayeitumia. Ukipata na logi kabla hujaweka toleo jipya, itume hapa. Usiku nipo.